Kapasita huhifadhije chaji na nishati: mwongozo kamili, kuanzia foili ya jikoni hadi kapasita ya feni

Kapasita ni kifaa chenye mabamba mawili ya metali na kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, katikati yake. Kapasita iliyochajiwa haina chaji nyingi kuliko ile iliyotoka dukani leo. Ukijumlisha chaji chanya na chaji hasi zote zilizomo ndani yake, kabla ya kuiunganisha na betri na baada yake, jumla ni sifuri mara zote mbili. Kilichobadilika ni mpangilio. Elektroni zimeondolewa kwenye bamba moja na kurundikwa kwenye bamba la pili, na kazi iliyofanyika kuzitenganisha imebaki katika nafasi iliyo kati ya mabamba hayo.

Ukilishika jambo hilo tangu mwanzo, mengine yote yanafuata bila kukariri: ile nusu iliyomo kwenye kanuni ya nishati, kihami chembamba kinachoongeza uwezo, hatari inayobaki ndani ya pawa saplai (sehemu ya kifaa inayoubadili umeme wa ukutani) hata baada ya plagi kuchomolewa. Mfano wa tangi la maji, unaopendwa sana madarasani, husaidia kidogo halafu hupotosha. Tangi huingiziwa maji kutoka nje. Kapasita haiingiziwi chochote. Kila elektroni inayofika bamba moja, nyingine imetoka bamba la pili.

Wanasayansi wa kwanza walihangaika na jambo hilohilo. Ewald Georg von Kleist mwaka 1745 huko Pomerania, na Pieter van Musschenbroek mwaka 1746 mjini Leiden, Uholanzi, waligundua kila mmoja kwa njia yake kwamba chupa ya kioo yenye maji inaweza kutunza umeme wa kutosha kumpiga mtu kwa nguvu. Wengi waliamini kwamba umeme umeingia ndani ya maji. Mwaka 1747 Benjamin Franklin aliandika kwamba upande mmoja wa chupa unapopata chaji chanya, upande wa pili hupata chaji hasi kwa kiasi kilekile. Mwongozo huu unasimama juu ya hoja hiyo.

Vifaa

Tafuta betri ya volti 9, multimita ya dijitali yenye kipimo cha kapasita, rezista, yaani vipunguza mkondo, mbili (omu 100,000 na omu 10,000), kapasita mbili za elektroliti za mikrofaradi 1000 zenye maandishi ya volti 16 au 25, nyaya fupi zenye vibanio, foili ya jikoni, na plastiki ya kufunikia madaftari. Saa ya simu inatosha kupima muda. Vyote hupatikana kwenye maduka ya vipuri vya redio. Hata ukikosa kimojawapo, soma hatua zote, kwa sababu kila hatua inaijengea inayofuata.

Volti 9 haziwezi kukudhuru. Majaribio yote hapa yabaki kwenye volti hizo. Umeme wa ukutani una sehemu yake huko mbele.

Hatua ya 1: Tengeneza kapasita yako

Kata vipande viwili vya foili, kila kimoja sentimita 20 kwa 30. Weka karatasi ya plastiki kati yao, iwe kubwa kuliko foili pande zote ili foili zisigusane. Acha ncha ndogo ya kila foili ichomoze upande wake kwa ajili ya waya. Hiyo ni kapasita kamili: mabamba mawili na kihami katikati.

Sasa kadiria uwezo wake kabla ya kuupima. Kanuni ni

C = ε₀ × k × A ÷ d

C ni kapasitansi, yaani uwezo huo, kwa faradi, A ni eneo la bamba kwa mita za mraba, d ni unene wa kihami kwa mita, na k ni namba inayoonyesha kihami kinasaidia kiasi gani ukilinganisha na ombwe. ε₀ ni 8.85 × 10⁻¹² faradi kwa mita. Ili kupata unene wa plastiki, kunja mikunjo 20, ibane vizuri, pima kwa rula, kisha gawanya kwa 20. Tuseme umepata milimita 0.1. Plastiki ya polithini ina k ya karibu 2.3. Eneo ni 0.06 m². Ukipiga hesabu utapata faradi 1.2 × 10⁻⁸, yaani nanofaradi 12.

Pima. Karibu kila mara multimita itaonyesha pungufu, pengine nusu tu. Usikimbilie kulaumu kanuni. Weka vitabu vizito juu ya foili utazame namba ikipanda. Foili haikuwa imelala sawasawa juu ya plastiki, na kila pengo la hewa linaongeza umbali kati ya mabamba. Pengo la milimita 0.05 tu, lisiloonekana kwa macho, linaishusha kapasita hii kutoka nanofaradi 12 hadi chini ya 6. Hapo utaelewa kwa nini viwandani hupaka tabaka la metali moja kwa moja juu ya utando wa plastiki: hawataki hewa yoyote ibaki katikati.

Jaribu pia kutelezesha foili ya juu hadi mabamba yakabiliane kwa nusu ya eneo la awali. Uwezo utashuka kwa kiasi kinachokaribia nusu. Umeona A na d zikifanya kazi kwa mikono yako mwenyewe.

Faradi moja ni kipimo kikubwa mno. Ukitaka kuitengeneza kwa mabamba yaliyotenganishwa na hewa ya milimita moja, utahitaji eneo la kilomita za mraba 113. Ndiyo maana kazini tunatumia mikrofaradi (milioni moja ya faradi), nanofaradi na pikofaradi.

Hatua ya 2: Elewa kinachotokea waya unapogusa betri

Betri ina ncha mbili, na kemikali zilizomo husukuma elektroni kuelekea ncha hasi. Ukiunganisha kapasita, elektroni hutoka kwenye ncha hasi na kujikusanya kwenye bamba moja. Haziwezi kuvuka kihami. Lakini uga wao wa umeme, yaani nguvu inayoenea kutoka kwenye chaji hadi nafasi inayozizunguka, unavuka, nao unazisukuma elektroni za bamba la pili zitoke kurudi kwenye ncha chanya ya betri. Kwenye nyaya zote mbili utapima mkondo uleule, ingawa katikati hapapiti elektroni hata moja.

Kadiri elektroni zinavyorundikana, ndivyo zinavyozikataa zile zinazofuata. Volteji kati ya mabamba hupanda hadi ikalingana na ya betri, na mkondo hukoma. Wakati huo chaji iliyotenganishwa ni

Q = C × V

Kwa kapasita ya mikrofaradi 1000 na volti 9, Q ni kulombi 0.009. Kwa hesabu ya elektroni, ni kama 5.6 × 10¹⁶ zilizohamishwa kutoka bamba moja hadi jingine. Tunaposema kapasita "ina chaji ya kulombi 0.009", maana yake ni bamba moja lina +0.009 na jingine lina −0.009. Mwanafunzi anayejumlisha hizo mbili na kuandika 0.018 amekosea, na anayesema jumla ya chaji ni sifuri yuko sahihi.

C ni kiasi cha chaji kinachoweza kutenganishwa kwa kila volti moja. Si kikomo. Kinachoweka kikomo ni uvumilivu wa kihami, tutakaoufikia baadaye.

Hatua ya 3: Chaji polepole uone kwa macho

Kapasita ya elektroliti ina upande chanya na upande hasi. Mstari wenye alama za kutoa ubavuni huonyesha mguu hasi, na kwenye kapasita mpya mguu mrefu ni chanya. Usigeuze. Kihami chake ni tabaka la oksidi ya alumini lililooteshwa kwa umeme, lenye unene wa nanomita moja na kitu kwa kila volti. Ukiuelekeza umeme kinyume, tabaka hilo huharibika, gesi hujikusanya na kopo hupasuka. Zile chale zilizo kichwani mwa kopo zimewekwa ili lipasukie hapo.

Unga kwa mfuatano: ncha chanya ya betri, rezista ya omu 100,000, mguu chanya wa kapasita, kisha mguu hasi kurudi betri. Weka multimita kwenye volti DC (umeme unaokwenda upande mmoja) na uiguse miguu ya kapasita. Kabla ya kuanza, hakikisha inasoma sifuri. Unga betri, washa saa, andika.

Zidisha omu kwa faradi: 100,000 × 0.001 = sekunde 100. Huo ni muda wa RC wa saketi hii (R ni ukinzani wa rezista kwa omu, C ni kapasitansi). Ikiwa betri ni volti 9 kamili, hesabu inatabiri hivi:

sekunde 50: volti 3.54
sekunde 100: volti 5.69
sekunde 200: volti 7.78
sekunde 300: volti 8.55
sekunde 500: volti 8.94

Ona inavyoanza kwa kasi na kumalizia kwa kusuasua. Mwanzoni kapasita haipingi chochote, na mkondo ni 9 ÷ 100,000, yaani mikroampea 90. Kadiri volteji yake inavyopanda, kilichobaki kwa ajili ya kusukuma mkondo kupitia rezista kinapungua. Kila sekunde 100 zinapopita, pengo lililobaki hupungua kwa asilimia 63.

Yako inaweza kusimama kwenye volti 8.6 au 8.7 na isipande tena. Multimita yenyewe hunyonya mkondo kidogo, na oksidi ya kapasita huvuja. Chukua tofauti iliyobaki ugawanye kwa omu 100,000. Volti 0.3 zikikosekana, mkondo unaovuja ni mikroampea 3, na karibu moja kati ya hizo inapita kwenye multimita. Kapasita iliyokaa kabatini miaka mingi huvuja zaidi, kisha hujirekebisha kadiri oksidi inavyoota upya chini ya volteji. Iache kwenye betri kwa muda urudie kipimo.

Ukitaka kujua uwezo wa kweli wa kapasita yako, kipime wakati wa kutoa chaji. Ondoa betri, unga rezista ile ile kati ya miguu miwili ya kapasita, na upime muda wa volteji kushuka hadi nusu. Kanuni ni C = t ÷ (0.693 × R). Ukipata sekunde 83, kapasita yako ni ya mikrofaradi 1200 hivi. Hilo si kosa: kapasita nyingi za elektroliti huuzwa kwa uvumilivu wa asilimia 20 juu au chini ya maandishi.

Hatua ya 4: Hesabu nishati, na uelewe nusu inatoka wapi

Hapa ndipo wengi hukariri bila kuelewa, kwa hiyo twende taratibu.

Elektroni ya kwanza kabisa inahamia bamba ambalo bado halina chaji ya ziada. Hakuna kinachoipinga, na kazi ya kuihamisha ni kama sifuri. Elektroni ya mwisho inakuta volti 9 zinazoikataa. Zile za katikati zinakuta volti 2, 4, 6, kulingana na zamu yao. Volteji inapanda kwa mstari ulionyooka kadiri chaji inavyoongezeka, kwa hiyo wastani wa upinzani katika safari nzima ni nusu ya volteji ya mwisho. Kazi yote ni chaji mara wastani huo:

E = ½ × Q × V

Kwa kuwa Q = CV, unaweza pia kuandika E = ½CV² au E = Q² ÷ 2C. Ni jambo moja katika sura tatu. Chagua ile ambayo namba zake unazo, na kama kitu kimoja hakibadiliki katika swali, chagua sura yenye kitu hicho.

Kwa kapasita yetu: ½ × 0.001 × 81 = jouli 0.0405. Nishati hiyo inatosha kuinua gramu 4 hadi urefu wa mita moja. Ni kidogo, na ni vizuri kukiri hivyo. Betri ya volti 9 iliyoichaji ina maelfu ya jouli. Ubora wa kapasita uko kwenye kasi: inaweza kuitoa nishati yake yote katika sehemu ndogo mno ya sekunde, jambo ambalo kemikali za betri haziwezi.

Sasa swali ambalo mwalimu mzuri hawezi kuliruka. Betri ilisukuma kulombi 0.009 kwa volti 9 tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo ilitoa jouli 0.081. Kapasita imebaki na 0.0405. Nusu nyingine imegeuka joto kwenye rezista. Ukiweka rezista ya omu 10,000 badala ya 100,000, kuchaji kutakwisha mara kumi haraka, lakini joto litakuwa lilelile, jouli 0.0405. Ukiondoa rezista kabisa, nyaya na betri yenyewe ndivyo vitakavyopata joto hilo. Njia ya kupunguza hasara ni kupandisha volteji ya chanzo hatua kwa hatua. Chaji kwanza kwa volti 4.5, kisha kwa volti 9, na hasara inashuka hadi nusu ya ilivyokuwa. Hatua zikiwa nyingi zaidi, hasara inapungua zaidi.

Hatua ya 5: Nishati iko wapi hasa?

Fikiria umechaji kapasita ya mabamba ya bapa kisha ukaondoa betri. Chaji haina pa kwenda, kwa hiyo Q inabaki palepale. Sasa yatenganishe mabamba hadi umbali uwe mara mbili. C inashuka hadi nusu. Kwa sura ya E = Q² ÷ 2C, nishati imekuwa mara mbili, na volteji vilevile imekuwa mara mbili. Imetoka wapi, ilhali betri haipo? Imetoka mkononi mwako. Bamba chanya na bamba hasi zinavutana, na wewe umefanya kazi kuzivuta.

Rudia ukiwa umeacha betri. Safari hii V ndiyo isiyobadilika. C imeshuka hadi nusu, Q nayo imeshuka hadi nusu, na nishati ya kapasita imepungua kwa nusu, ingawa mkono wako umefanya kazi safari hii pia. Chaji iliyoondoka imerudishwa betrini pamoja na nishati yake. Maswali ya mtihani hupenda kubadilisha kati ya hali hizi mbili kwa neno moja tu, "imeondolewa" au "imeunganishwa". Lisome neno hilo kabla ya kushika kikokotoo.

Tazama tena hali ya kwanza. Chaji kwenye mabamba haikubadilika, nguvu ya uga kati yao haikubadilika, na nishati imekuwa mara mbili. Katika nafasi iliyo kati ya mabamba, kilichokuwa mara mbili pamoja na volteji ni ujazo wa nafasi yenye uga. Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu ya kusema kwamba nishati inakaa ndani ya uga wa umeme, na kwa kila mita ya ujazo ni ½ × ε₀ × k × (uga)².

Hewa ya kawaida huvunjika na kutoa cheche uga ukifika kama volti milioni 3 kwa mita. Weka namba hiyo kwenye kanuni, na mita nzima ya ujazo ya hewa inabeba jouli 40 tu. Utando mzuri wa polipropilini ukifanya kazi kwenye volti milioni 200 kwa mita hubeba karibu jouli 390,000 katika ujazo huohuo. Katika kapasita, kihami ndicho ghala.

Hatua ya 6: Kihami kinasaidiaje?

Molekuli za kihami haziachilii elektroni zake, lakini huvutika kidogo: upande chanya wa kila molekuli huelekea bamba hasi, na upande hasi huelekea bamba chanya. Uso wa kihami unaogusa bamba chanya unaonyesha chaji hasi kidogo, na sehemu ya uga inafutika. Kwa volteji ileile, betri inaweza sasa kutenganisha chaji zaidi. Michael Faraday alipima tofauti hiyo kati ya vihami mbalimbali mwaka 1837, na kipimo cha faradi kimepewa jina lake.

Thamani za k: hewa ni karibu 1, polipropilini 2.2, kioo kati ya 5 na 10, na seramiki za bariamu titaneti hufika maelfu. Maji ni karibu 80, lakini maji ya kawaida hupitisha umeme, kwa hiyo hayafai. Kila kihami kina faida na hasara zake: seramiki zenye k kubwa hupoteza sehemu ya uwezo wao volteji na joto vikipanda, wakati polipropilini hubaki ilivyo. Na kila kihami huvunjika uga ukizidi kiasi chake, kwa hiyo volti zilizoandikwa kwenye kapasita ni ahadi ya kihami. Zisizidishwe kamwe.

Hatua ya 7: Kapasita mbili

Zikiwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, maeneo ya mabamba yanajumlika: 1000 + 1000 = mikrofaradi 2000. Zikiwa kwa mfuatano, uwezo unapungua hadi 500, kwa sababu ni sawa na kuongeza umbali. Kila moja hubeba sehemu ya volteji, lakini zikivuja kwa viwango tofauti, moja inaweza kubeba zaidi ya haki yake. Mafundi huweka rezista sambamba na kila moja ili kusawazisha.

Jaribio moja usiliache. Chaji kapasita ya kwanza hadi volti 9, ondoa betri, kisha iunganishe sambamba na ya pili iliyo tupu. Multimita itasoma karibu volti 4.5. Chaji yote ipo, imegawanyika tu. Lakini hesabu nishati: kapasita mbili, kila moja ½ × 0.001 × 20.25, jumla jouli 0.02025. Ilikuwa 0.0405. Nusu imepotea kama joto kwenye nyaya na ile cheche ndogo ya mguso. Chaji huhifadhiwa daima. Nishati ya kapasita peke yake haina ahadi hiyo.

Kabla ya kufungua kifaa chochote cha umeme wa ukutani

Umeme wa volti 230 ukigeuzwa kuwa DC ndani ya pawa saplai, kapasita kuu huchajiwa hadi kilele chake, karibu volti 325. Ikiwa ni ya mikrofaradi 100, ina jouli 5.3, zaidi ya mara mia moja ya kapasita yetu, na volteji yake inapenya ngozi. Huenda ikabaki hivyo muda mrefu baada ya plagi kuchomolewa. Oveni ya maikrowevu ina kapasita inayofanya kazi kwenye volti zaidi ya 2000, na hiyo usiiguse hata kidogo kama hukufunzwa kazi hiyo.

Kwa pawa saplai: chomoa plagi. Pima volti DC kwenye miguu ya kapasita, mkono mmoja ukiwa mbali na kifaa. Unganisha rezista ya omu 10,000 ya wati 5 kwa nyaya zenye vishikio vya plastiki. Muda wa RC ni sekunde moja, na baada ya sekunde tano kitabaki kama volti 2. Pima tena, kwa sababu rezista yenyewe inaweza kuwa imekatika. Baadhi ya mafundi hutumia balbu ya uzi, nayo inafaa. Kupiga shoti kwa bisibisi ni tabia mbaya ninayotamani iishe kwenye karakana zetu: kinachozuia mkondo ni ukinzani mdogo sana, mamia ya ampea yanaweza kupita kwa kufumba na kufumbua, chuma kinayeyuka na kuruka kuelekea machoni, na kapasita yenyewe huumia.

Kapasita kubwa huweza pia kurudisha volteji yenyewe baada ya kutolewa chaji. Baadhi ya molekuli za kihami huchelewa kurudi mahali pake, na zikirudi, volti chache hujitokeza tena kwenye miguu. Ndiyo maana kapasita za volti kubwa huhifadhiwa zikiwa zimefungwa waya kati ya miguu yake.

Hatua ya 8: Peleka ujuzi kwenye kazi

Flashi ya kamera ni ½CV² mtupu: mikrofaradi 120 kwa volti 330 ni jouli 6.5, zinazokusanywa kwa sekunde kadhaa na kutolewa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mashine ya hospitali ya kushtua moyo hufanya hivyohivyo kwa mamia ya jouli. Kwa upande mwingine kuna kapasita za kisasa zenye uwezo mkubwa mno, ziitwazo supercapacitor, zinazofika faradi 3000 kwa volti 2.7. Hesabu inatoa karibu jouli 11,000, kiasi kinachokaribia betri moja ndogo ya rimoti, ndani ya kopo kubwa mara nyingi zaidi. Lakini hilo kopo huchajiwa kwa sekunde na kurudia hivyo mamia ya maelfu ya mara.

Kifaa ambacho wengi wetu tutakutana nacho ni feni ya dari. Kapasita yake, mara nyingi ya mikrofaradi 2.5, imeungwa kwa mfuatano na koili ya pili ya mota. Kwenye umeme wa hezi 50 huchajiwa na kutoa mara 100 kwa sekunde, na kwa kufanya hivyo huusogeza wakati wa mkondo wa koili hiyo ili mota ipate mwelekeo wa kuzunguka. Ndani yake ni utando wa polipropilini uliopakwa metali nyembamba sana. Kihami kikitoboka mahali, cheche huivukiza metali iliyozunguka tundu na kapasita inaendelea kufanya kazi. Kila tundu linakula sehemu ya A. Baada ya miaka, uwezo umeshuka, na feni inazunguka kwa uvivu au inangoja kusukumwa kwa fimbo.

Zima swichi kuu, kwa kuwa swichi ya ukutani pekee haitoshi. Ondoa chaji kwa rezista, toa kapasita, pima. Lebo ikisema 2.5 na uvumilivu wa asilimia 5, kipimo kiwe kati ya 2.375 na 2.625. Ukisoma 1.6, umepata ugonjwa. Nunua yenye mikrofaradi zilezile, na volti za AC (umeme unaobadili mwelekeo, kama wa ukutani) zilezile au zaidi. Wanaokushauri uweke 3.5 au 4 ili feni iende kasi wanakuongezea mkondo kwenye koili ambayo waya wake haukupimiwa mzigo huo, na koili ikiungua, gharama yake ni kubwa kuliko ya kapasita mara nyingi.